Piga Picha Kisiwani Ndere, Zitumie Jumapili: Maelekezo kwa Timu ya Midia

Bwana asifiwe, wapendwa. Video hii ni ya wale wanaohudumu katika idara ya midia kanisani na kila wiki wanahangaika kutafuta picha ya kuweka nyuma ya maneno ya nyimbo. Tumezoea kupakua milima ya theluji na misitu ya Ulaya, ilhali Ziwa Victoria tunalo hapa mlangoni. Leo tunavuka hadi Ndere, kisiwa cha kilomita za mraba 4.2 ndani ya Ghuba ya Winam karibu na Kisumu, Kenya, hifadhi ya taifa tangu 1986.

Kabla hujafungua mfuko wa kamera, lishike hili: picha ya slaidi si picha ya kutundika ukutani. Ya ukutani, ndege anajaza fremu. Ya slaidi, karibu theluthi mbili za fremu ziwe tupu, maji au anga, kwa sababu hapo ndipo ubeti utakapokaa. Ukirudi na furukombe, yule tai mla samaki, mkubwa katikati ya kila picha, maneno yatampita kifuani na hakuna atakayesoma.

Anza na maandalizi ya jioni. Chaji betri mbili, safisha kadi, futa lenzi. Kiingilio cha hifadhi lipia mapema kupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya malipo na huduma. Droni iache nyumbani kama huna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha KWS, shirika la wanyamapori. Na nahodha mpatane kabisa: kuondoka alfajiri, kurudi kabla ya saa 6 mchana, kila mtu na jaketi lake la kuokolea. Asubuhi ziwa huwa limetulia. Mchana upepo hugeuka, mawimbi huinuka, na mvua ya radi inaweza kukukuta katikati ya maji. Picha yoyote ile haifai kuhatarishiwa maisha.

Kwa nini alfajiri? Kisumu iko karibu kabisa na Ikweta. Saa ya jua kuchomoza hubadilika kwa nusu saa hivi tu mwaka mzima, na likishachomoza hupanda wima, haliburuti. Mwanga laini wa dhahabu unaupata kwa saa moja na kidogo. Ikifika saa 3, vivuli vimekuwa vikali na maji yanameta kama bati. Basi saa 12:30 uwe tayari majini, kamera mkononi.

Sasa mipangilio. Kwa ndege anayeruka, weka mwendo wa shata 1/2000, tundu la lenzi f/5.6, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iachie kamera yenyewe, kikomo 3200. Kwa ndege aliyetua, 1/500 inatosha ukiwa nchi kavu. Ndani ya mashua usishuke chini ya 1/1000. Mwombe nahodha azime injini, na usiegemeze lenzi kwenye ubao wa mashua: mtetemo wa injini hupanda moja kwa moja hadi kwenye picha. Kaa, bana viwiko mbavuni, mwili wako ndio uwe tripodi.

Kosa linaloharibu picha nyingi zaidi ni kichwa cha furukombe. Kichwa na kifua chake ni vyeupe pe, na nyuma yake kuna maji meusi au majani mazito. Kamera inapima giza lile, inaona mwanga ni haba, inauongeza. Matokeo yake kichwa kinaungua, kinabaki doa jeupe lisilo na hata unyoya mmoja, na hakuna programu itakayourudisha. Punguza mwanga kwa hatua 1, yaani -1 kwenye kipimo cha +/- cha kamera, kisha kuza picha kwenye skrini ya kamera uhakikishe unaona manyoya ya shingoni. Yangeyange ni vivyo hivyo. Ndege akiwa juu angani, fanya kinyume, weka +1, la sivyo atatoka kama kivuli.

Mtazame furukombe aliyetua. Kabla ya kuruka anainama mbele, anakunja miguu kidogo, mara nyingi anajisaidia. Ukiona hivyo, kidole kiwe kwenye kitufe. Elekeza kamera ili kule aendako kuwe na nafasi kubwa kuliko atokako. Hiyo nafasi ya mbele yake ndiyo ya ubeti.

Kwa anayeanza, bora zaidi ni mdiria, yule mweupe mwenye madoa meusi. Huning'inia hewani juu ya maji, mabawa yakipiga kwa kasi, kichwa kimetulia tuli kama kimefungwa kwa uzi, halafu anajitupa. Zile sekunde chache za kutulia zinakutosha kulenga jichoni. Usimrushie ndege samaki ili aje. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kulisha wanyama, na picha ya ibada haipaswi kupatikana kwa kuvunja sheria.

Usibadilishe lenzi ukiwa majini. Wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi huingia hadi ndani ya kamera, na mmoja tu akigusa kihisi, kile kioo cha ndani kinachopokea picha, kila picha itakuwa na doa pale pale. Vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, viwe ndani ya mfuko muda wote. Kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kwenye joto nusu saa ikiwa bado ndani ya mfuko uliofungwa, ndipo uitoe mfukoni, isije ikashika ukungu.

Ukipitia ufuoni unakoanikwa omena, salimia kwanza, omba ruhusa ndipo upige. Sema wazi kwamba picha itaonyeshwa kanisani. Akikataa, shusha kamera, mshukuru.

Turudi kwenye kompyuta. Angalia kwanza projekta yenu ni ya kipimo gani. Zipo za 1920×1080, na nyingi za makanisa ni 1280×800. Ukiweka picha ya umbo lingine, ama mistari myeusi itatokea pembeni ama picha itavutwa na ndege anenepe. Kata picha kwa umbo lile lile. Usiogope kukata: 1920×1080 ni pikseli milioni 2 tu, na kamera ya milioni 24 imekupa za kuchezea tele. Hata simu nzuri inatosha kwa mandhari ya maji na mawingu.

Fungua GIMP, programu ya kuhariri picha, ongeza tabaka (layer) jeusi juu ya picha, lipe uzito (opacity) wa asilimia 40. Hifadhi kwa JPEG ya ubora 85. Kisha ingia OpenLP, programu ya bure ya kuonyesha nyimbo kanisani, utengeneze mandhari mpya (theme) ukitumia picha hiyo: herufi nyeupe zisizo na mikia (sans-serif), kivuli chepesi nyuma yake, mistari 4 kwa slaidi, isizidi. Maneno yakae upande ulio mtupu, si lazima katikati.

Jaribio lifanyike kanisani saa ile ile ya ibada. Mazoezi ya Jumamosi usiku hudanganya. Usiku kila picha inapendeza. Jumapili saa 4 jua limeingia kwa madirisha na kwa bati zile za kupitisha mwanga, na projekta haina uwezo wa kutoa weusi, weusi wake ni rangi ya ukuta ulivyo. Ile picha ya alfajiri yenye giza zuri inayeyuka yote. Kwa ukumbi wenye mwanga, chagua picha zenye umbo moja wazi: mashua moja, ndege mmoja, mstari wa mafunjo. Kaa benchi la mwisho kabisa, soma ubeti wa kwanza. Usiposomeka, pandisha lile tabaka jeusi hadi 60, urudi kukaa pale pale usome tena.