Gemu Zisizo na Haraka

FATMA: Assalaam alaykum wasikilizaji. Karibuni tena, tuko Langoni hapa Lamu. Mkisikia punda mtuwie radhi, dirisha liko wazi kwa joto hili. Athman, leo umetaka tuzungumzie gemu ambazo mtu anatembea tu na kutazama. Vijana kwenye vibanda vya gemu hapa mjini wanataka mpira na bunduki. Utawashawishi vipi?

ATHMAN: Waalaykum salaam, dada. Nitaanza na Myst, ya mwaka 1993. Humo hupigani na mtu, wala hakuna saa inayokukimbiza. Unabofya, picha inabadilika, unasimama, unatazama. Ndugu wawili wa Marekani, Rand na Robyn Miller, ndio walioibuni, na iliuzwa zaidi ya nakala milioni 6. Iliongoza mauzo ya gemu za kompyuta mpaka The Sims ikaja kuipita mwaka 2002. Kwa hiyo wanaopenda utulivu si wachache.

FATMA: Sawa, lakini ile sehemu ya reli ya chini ya ardhi ilinikera. Lazima usikilize mlio ndipo ujue ugeuke upande gani. Asiyesikia vizuri afanyeje?

ATHMAN: Hilo ni kosa la kweli, sitalitetea. Ya pili yao, Riven ya mwaka 1997, ndiyo naipenda zaidi. Unaingia darasani, kijijini, hakuna mtu. Mezani kuna mwanasesere wa kutisha kidogo: kijitu kimening'inizwa juu ya mnyama mkubwa wa baharini. Ukivuta, alama inatokea, na kijitu kinashuka hatua kadhaa.

FATMA: Na hakuna anayekueleza maana yake.

ATHMAN: Hakuna! Unavuta tena, unahesabu hatua, unaandika kwenye karatasi. Kumbe zile alama ni tarakimu, na watoto wa pale ndivyo wanavyofundishwa hesabu. Halafu ukizikodolea macho unaona kwamba 5 ni ile 1 iliyolazwa ubavu, na 6 ni hizo mbili zimepandanishwa. Wallahi, siku nilipoliona hilo nilisimama kitini.

FATMA: Hapo nimekuelewa, maana ungepita mbio ungedhani ni kichezeo tu. Na baadaye tarakimu zile unazihitaji ili usonge mbele, sivyo?

ATHMAN: Unazihitaji sana. Na hutazikuta mfukoni kama ufunguo, maana zimo kichwani mwako. Gemu za namna hii zinamwamini mchezaji kwamba ana akili. Hicho ndicho kinachonivuta.

FATMA: Outer Wilds, ya mwaka 2019, imelipeleka jambo hilo mbali. Kila baada ya dakika 22 jua linalipuka, unarudi mwanzo. Hupewi silaha wala nguvu mpya, unabaki na ulichojifunza tu. Mlango ulioushindwa jana leo unaufungua kwa sababu sasa unajua.

ATHMAN: Na ndiyo maana kukimbilia majibu YouTube kunaua raha. Ni kama kutegewa kitendawili, ukatoa mji kabla hujafikiri hata kidogo.

FATMA: Mimi siwalaumu wote. Mtu ametoka kazini, ana saa moja, amekwama wiki nzima pale pale. Mwache aangalie dokezo. Fumbo baya nalo lipo, Athman, usiisingizie kila mara akili ya mchezaji.

ATHMAN: Haya, dokezo ruhusa. Jibu zima, hapana.

FATMA: Basi asiye na kompyuta aanzie wapi?

ATHMAN: Machinarium, ya Amanita Design kutoka Cheki, ilitoka 2009 na kwenye simu ipo. Roboti mdogo anatafuta njia katika mji wa vyuma vilivyoshika kutu, wote umechorwa kwa mkono. Wahusika hawazungumzi kwa maneno, mawazo yao yanachorwa ndani ya viputo, kwa hiyo hata mtoto asiyejua Kiingereza anaielewa.

FATMA: Na akikwama?

ATHMAN: Kuna kitabu cha majibu humo humo, ila kimefungwa kufuli. Ukitaka kukifungua, uurushe ufunguo kwanza hadi kwenye tundu, katikati ya buibui.

FATMA: Aaa, hiyo nimeikubali! Naipakua leo hii, bando likiruhusu.