Kwa Nini Redio Hushika Mbali Usiku

Ndugu wasikilizaji, ahsanteni kwa kufika. Yeyote aliyewahi kusikiliza redio ya masafa ya kati anajua kisa hiki. Mchana zinashika stesheni za karibu tu. Jua likishazama, zinaanza kuingia sauti kutoka mamia ya kilomita, zinapanda na kushuka, zinapotea na kurudi. Mitambo ni ileile. Kilichobadilika ni anga.

Mawimbi haya yangefuata mstari ulionyooka, yangetoweka angani, maana dunia ni mviringo. Ndiyo maana wengi walishangaa Guglielmo Marconi, mvumbuzi wa Kiitalia, alipotangaza kwamba tarehe 12 Desemba 1901 alipokea Newfoundland, kisiwa cha Amerika Kaskazini, ishara iliyorushwa kutoka Cornwall, Uingereza, zaidi ya kilomita 3,000 ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka uliofuata wataalamu wawili wa umeme, Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja kivyake, walisema huko juu lazima kuna tabaka linalopitisha umeme. Ushahidi ulikuja baadaye. Mwaka 1924 wanafizikia Edward Appleton na Miles Barnett walitumia mtambo wa BBC wa Bournemouth, masafa yake yakibadilishwa kidogo kidogo, wao wakipokea Oxford. Wimbi lililopita ardhini na lile lililotoka juu yaliongezana nguvu, kisha yakapunguzana, tena na tena. Kwa kuhesabu mabadiliko hayo wakapata kimo cha tabaka: kilomita 100 hivi. Kwangu mimi hilo ni miongoni mwa majaribio mazuri kabisa ya fizikia: kupima anga bila kuondoka ardhini.

Tabaka hilo, ayonosfia, ni kazi ya jua. Miale ya urujuanimno na eksirei hung'oa elektroni kutoka kwenye atomu na molekuli za hewa. Wimbi la redio likifika, elektroni hizo hutikisika kwa kulifuata, na mtikisiko huo hulipinda wimbi taratibu mpaka linageukia chini.

Sasa tusogee karibu, kati ya kilomita 60 na 90, kwenye tabaka liitwalo D. Hapo hewa bado ni nzito kiasi. Elektroni ikishatikiswa hugongana na molekuli kabla haijairudisha nguvu iliyopewa na wimbi, na nguvu hiyo huishia kuwa joto. Mchana, masafa ya kati humezwa hapo. Jua likizama, elektroni za D huungana upesi na ioni, yaani zile atomu na molekuli zilizong'olewa elektroni, tabaka linafifia, na wimbi linapata njia ya kupanda hadi matabaka ya juu yanayolirudisha. Tabaka F, zaidi ya kilomita 200 juu, hudumu usiku kucha, kwa sababu hewa ya huko ni nyembamba mno, elektroni na ioni hazikutani kwa urahisi.

Masafa mafupi, megahezi 3 hadi 30, huishi kwa kulitegemea tabaka F. Huko mna jambo la ajabu: msikilizaji aliye kilomita 200 kutoka kwenye mtambo anaweza asisikie kitu, na wa kilomita 2,000 akasikia vizuri. Wa kwanza yuko mbali mno na wimbi la ardhini, na wimbi la angani linampita juu ya kichwa.

FM, kwa kawaida, hutoboa ayonosfia na kwenda zake, ndiyo sababu huishia karibu na upeo wa macho. Ishara za GPS, zile za setilaiti zinazotuonyesha tulipo, nazo hutoboa, ila hucheleweshwa njiani, na kosa linaweza kufikia mita kadhaa. Vipokezi bora husikiliza masafa mawili ili kulifuta.

Mlipuko mkubwa ukitokea juani, eksirei zake hutufikia baada ya dakika 8 hivi. Tabaka D hunenepa ghafla, na upande wa dunia wenye mchana masafa mafupi huweza kukatika kabisa. Rubani aliye juu ya bahari, anayetegemea masafa hayo, ana njia mbili: apande masafa ya juu zaidi, ambayo D huyanyonya kidogo, au asubiri eksirei zipungue.