Njaa ya Chuma Baharini

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kufika. Kuna maji mengi duniani, hasa Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktika na Pasifiki ya ikweta, yenye nitrati na fosfeti tele, lakini planktoni wa mimea, yaani viumbe vidogo sana vinavyoelea majini na kutumia mwanga wa jua kama mimea, ni wachache kuliko inavyotarajiwa. Mbolea ipo, mavuno hayapo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, John Martin wa maabara ya Moss Landing, California, alisema kinachokosekana ni chuma. Vipimo vingi vya awali vilipotosha kwa sababu meli yenyewe ni ya chuma, na kutu yake iliingia kwenye sampuli. Kikundi chake kilipopima kwa usafi mkali, kilikuta chuma kilichoyeyuka hakifiki hata nanomoli 1 kwa lita, kiasi kidogo mno. Martin alifariki Juni 1993. Oktoba mwaka huohuo wenzake walimwaga karibu kilo 450 za chuma kusini mwa visiwa vya Galápagos, na planktoni wakaongezeka.

Lakini kwa nini kikosekane, ilhali miamba ya dunia imejaa chuma? Zamani sana hata bahari ilikuwa nacho kingi. Kisha bakteria wa usanisinuru wakaanza kutoa oksijeni, na takriban miaka bilioni 2.4 iliyopita ikaanza kujaa hewani. Chuma kikikutana na oksijeni hugeuka kutu, kikazama. Yaani vijidudu vyenyewe ndivyo vilivyoifilisi bahari.

Jambo linalonishangaza kila ninapolisoma ni namna vijidudu wa baharini wanavyoishi na ufukara huo. Bakteria wengi hutengeneza saiderofori, molekuli ndogo zinazokamata chuma kwa nguvu kubwa. Huziachia majini, kisha huzirudisha ndani, zikiwa na mzigo, kupitia vipokezi maalumu vya utando wa seli. Nyingine hunaswa na jirani: wapo bakteria wa jamii ya Vibrio wasiotengeneza saiderofori hata moja, ila vipokezi wanavyo. Huitwa walaghai. Kwangu neno hilo ni kali mno, maana kutengeneza molekuli hizo ni gharama, na kila seli huishi kwa ilicho nacho.

Trichodesmium, bakteria wa usanisinuru anayeonekana zaidi pwani ya Tanzania wakati wa kaskazi, ana njaa kubwa zaidi. Hugeuza nitrojeni ya hewa kuwa mbolea, na kimeng'enya cha kazi hiyo kinahitaji chuma kingi. Makundi yake hunasa vumbi la jangwani linaloangukia baharini na kulisogeza hadi katikati ya kundi.

Chuma kikishapatikana, huzunguka. Virusi hupasua seli, wanyama wadogo huzila, nyangumi hunya karibu na uso wa maji, na chuma kinarudi kwa wenye njaa. Kwa hiyo wanaotaka kumwaga chuma baharini ili planktoni wanyonye kabonidayoksaidi na kuipunguza hewani wanapaswa kujibu swali gumu kuliko la planktoni kuongezeka: ni kiasi gani cha kaboni kitazama hadi vilindini? Sehemu kubwa huliwa na kupumuliwa tena na vijidudu vya tabaka la juu.