Aliyekuponda Ameangalia Samaki?

Mwadila! Mmeitikia vizuri, ingawa safu ya wafuga njiwa naona bado wanatafuna karanga.

Mwenyekiti, ndugu zangu, nimeombwa niseme juu ya kupondwa. Si kupondwa na bosi wala na wakwe, hayo yana vikao vyake. Nazungumzia kule kwenye grupu. Umehangaika miezi minne na kitu kisichokuingizia hata senti, unakipenda tu. Saa tatu usiku unatupia picha yake, na jibu la kwanza, kutoka kwa mtu usiyewahi kumwona, ni neno moja: "Takataka."

Ajabu ni kwamba sisi siyo watu wa kuogopa maneno makali. Tumekulia kwenye utani. Mtani anakuja msibani, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anazuia jeneza mpaka alipwe, na hakuna anayemfukuza. Tunamjua ni nani, anatoka wapi, na tunajua kwamba akimaliza vituko vyake ndiye huyohuyo atakayeshika jembe kaburini. Kwenye grupu tusi linafika peke yake, bila sura wala ukoo. Huoni kama anacheka au amekunja ndita. Basi unamjazia sura wewe mwenyewe, na usiku huwa tunajaza sura mbaya.

Niwape kisa changu, halafu mtanihukumu.

Wote mnamjua furu, samaki mdogo wa Ziwa Victoria letu. Hapa Mwanza ni samaki wa miba, mtu akikukaribisha furu anakuomba na radhi. Ulaya na Marekani watu wanamweka sebuleni kwenye tangi lenye taa, na wanamjua kwa jina la ukoo na la kisiwa alikotoka. Yuko mmoja anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Jina hilo alipewa kwenye maandishi ya kisayansi mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu aliong'atuka. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi. Ndugu yake, Pundamilia pundamilia, dume lake ni la kijivu chenye ubluu. Majike yao? Yote ya rangi ya udongo. Mimi mwenyewe siyatofautishi, na nimeyalisha kwa miaka.

Mwaka niliofanya uzembe, niliwaweka wote tangi moja. Nilinunua kwa vijana wanaovua kwa ndoano kwenye mawe, nikasema watajuana wenyewe. Wakazaana. Vifaranga wakakua, madume yakaanza kutia rangi, nikapiga picha dume moja na kuandika kwa majivuno: "Nyererei safi wa Mwanza."

Dakika kumi hazikupita. Bwana mmoja akaandika: "Huyo ni chotara. Tazama mgongo, wekundu umeishia katikati, na ubavu una ubluu. Unaharibu samaki. Uza hilo tangi ufuge kuku."

Nikaandika jibu refu, na mama yake nilimtaja humo. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, simu ina chaji asilimia 2, ikazima kabla sijabonyeza kutuma. Nilidhani huo ni mkosi. Lakini umeme ukikatika pampu ya hewa nayo inasimama, na tangi lilikuwa na samaki wengi. Ikabidi nikae nachota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu ili yachukue hewa, nachota na kumwaga, hadi alfajiri. Kulipopambazuka, mwanga wa dirishani ukalipiga tangi. Nikamwona dume wangu. Wekundu uliishia katikati. Ubavu ulikuwa na ubluu. Wiki tatu nilikuwa nimemtazama kila siku bila kumwona.

Tangu siku hiyo, nikipondwa najiuliza swali moja: huyu ameangalia samaki? Ndani ya maneno yake kuna kitu kimoja kinachoonekana kwenye picha yangu na siyo kwenye picha ya mwingine? Yule bwana alitaja mgongo, alitaja ubavu. Kuku nilimwachia mwenyewe, mgongo nikauchukua. Lakini aliyeandika "takataka" angeweza kuandika hivyo chini ya picha ya njiwa, ya keki, au ya mtoto wa jirani. Jibu linalokaa chini ya picha yoyote si la picha yangu, hata kama limeangukia kwangu.

Sasa hapa wengi hawapendi ninachosema. Swali hilohilo linakata na sifa. "Kali sana kaka!" "Hatari!" "Moto!" Nani kaangalia samaki hapo? Kabla yule bwana hajaniponda nilikuwa nimeshapewa mioyo na makofi ya kutosha, na hakuna hata mmoja aliyeona kuwa nimeshika chotara. Nawapenda, ni watu wangu, ila siku ile walinisaidia kubaki mjinga.

Nilirudi kwenye grupu siku ya tatu. Sikuomba radhi wala sikujibu ya kuku. Niliuliza tu: "Kwenye nyererei halisi, wekundu unaishia wapi?" Akaandika aya nne! Mtu aliyenifukuza niende kwenye kuku aliandika aya nne, na picha sita za dume akiwa mdogo, akiwa mkubwa, akiwa amemwogopa mwenzake. Nikaelewa na hasira yake ilikotoka.

Hili nalo lazima mlijue, maana ni letu. Sangara, samaki mkubwa anayewala furu, aliletwa ziwani humu miaka ya 1950 na 1960. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amefumuka, na ghuba yetu ya Mwanza iliyokuwa imejaa furu ikabaki karibu tupu. Katika spishi 500 na zaidi za furu, wataalamu hukadiria kwamba kiasi cha 200 zimetoweka au hazionekani tena. Halafu maji yenyewe yamechafuka. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti wao wa ziwa hili, wakaonyesha kwamba jike huchagua dume kwa rangi, na maji yakijaa ukungu wa uchafu rangi hazionekani sawasawa, jike anakosea, spishi zinachanganyika. Yaani kosa nililofanya mimi kwenye tangi, ziwa linafanyiwa kila siku. Sasa mtu yuko mbali huko, ametunza kizazi baada ya kizazi cha furu aliyetoka kwenye mawe yetu, halafu anaona chotara anaitwa "safi", na kesho vifaranga wake watauzwa kwa jina hilo. Na mimi ningekasirika. Kuku nisingemtaja, lakini ningekasirika.

Kuhusu wale wanaokutukana tu, sina mengi. Zuia namba, kalale. Admini akiwa anacheka nao, toka kwenye grupu hilo, yako mengi.

Kimya ni kitu kingine. Waliowahi kufika Bujora kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma ya mwezi wa sita, wamewaona Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wakicheza kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake, yaani kiongozi wa nyimbo. Ushindi ni watu. Watazamaji wakikuchoka hawakuzomei, wanatembea tu kwenda upande wa pili, na wewe unacheza huku unaona vumbi la miguu yao. Manju mwenye akili halii, anabadilisha wimbo. Ukitupia picha ya tangi lilelile, pembe ileile, mara ya tisa, na grupu likanyamaza, hilo nalo ni jibu.

Nimebakiza jambo moja, nimelizunguka tangu nisimame hapa.

Miaka miwili iliyopita kijana mmoja wa Igoma aliingia kwenye grupu letu la hapa Mwanza. Akatuma video. Beseni la plastiki, samaki wanane, wote wako juu wanahema kwenye uso wa maji. Akaandika kwamba ameanza Jumamosi na kila siku anamwaga maji yote na kuweka mapya ya bomba. Mimi nikaona kila kitu. Chombo hakijakomaa, vijidudu vya kuila amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, vinahitaji wiki kadhaa kujijenga, na yeye anavikatiza kila asubuhi, halafu klorini ya bomba inamalizia matamvua. Ningeweza kumwambia: badilisha robo tu, maji yalaze usiku kucha kwenye ndoo wazi, punguza chakula, samaki watano wape rafiki. Sentensi nne.

Nilimwandikia: "Wanakufa kwa amonia, wewe ni muuaji wa samaki." Nikaweka na kile kikatuni cha jeneza. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Niliangalia samaki. Sikukosea hata kidogo. Kwa kipimo changu nilichowapa sasa hivi, jibu langu lilikuwa zuri. Yule kijana alitoka kwenye grupu usiku uleule, na wale samaki sijui waliishia wapi, kwa sababu aliyejua cha kufanya alikuwa mimi na nilikitumia kuchekesha.

Mwezi uliopita, nilipoombwa kuja hapa, nilitafuta namba yake nikamwandikia zile sentensi nne, kwa kuchelewa huko, pamoja na samahani. Tiki mbili zipo. Asubuhi ya leo, kabla sijapanda daladala, nimeangalia tena. Bado ni za kijivu.

Mwenyekiti, nimemaliza.