Achana na mpira, mtazame kiraka: jinsi ya kumsoma taiti endi

Haya, karibuni tena. Leo tunakaa na mchezaji mmoja tu wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, taiti endi, yule anayesukuma walinzi na pia kupokea pasi. Tutasimamisha picha mara nyingi, kwa hiyo kidole kisiende mbali na kitufe.

Kwanza niwasimulie kosa langu. Nilipohamia jimbo la Iowa nilikuwa naangalia mchezo huu kwa macho ya soka: mpira ulipo ndipo macho yalipo. Basi kila mara naona rundo la watu wameangukiana, uwanja mzima umesimama unapiga kelele, na mimi namuuliza jirani, "Kwani imekuwaje?" Mzee mmoja tuliyekuwa zamu moja kiwandani ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia achana na mpira, mtazame yule jamaa wa mwisho kwenye safu. Na kwa Iowa ushauri huo una mizizi. Mwaka 2019 taiti endi wawili wa Chuo Kikuu cha Iowa, T.J. Hockenson na Noah Fant, walichukuliwa wote katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa NFL, ligi ya kulipwa inayochagua wachezaji kutoka vyuoni, mmoja wa 8, mwingine wa 20. George Kittle, taiti endi mwingine wa NFL, naye katokea hapa hapa.

Hatua ya kwanza, mtafute. Simamisha hapa, mpira ukiwa bado chini. Hesabu yale majitu matano ya mbele. Wa katikati ndiye kaushika mpira. Hao watano kazi yao ni kusukuma na kuziba njia, pasi hawapokei. Sasa mtazame anayefuata baada ya wa tano, kasimama ubavuni kwake kabisa, mkono mmoja umegusa nyasi. Ndiye huyo. Ukiwa na shaka soma jezi: wale watano huvaa namba kati ya 50 na 79, na mwenye namba hizo hana ruhusa ya kupokea pasi ya mbele. Taiti endi utamkuta na 87, au 19, au 44.

Umbo lake nalo litakusaidia. Si mzito kama watu wa safu, wala si mwepesi kama risiva wa pembeni, yule ambaye kazi yake ni kukimbia na kupokea pasi. Kwa lugha yetu ya soka huyu ni kiraka. Ila kiraka wetu leo anacheza beki, wiki ijayo kiungo, na kocha keshamwambia tangu Ijumaa. Huyu anabadilika kazi ndani ya sekunde tatu, na kazi yake kubwa ni wapinzani wasijue kabadilika saa ngapi.

Hatua ya pili, wahesabu. Makocha hutaja kikosi kwa tarakimu mbili: ya kwanza ni idadi ya ranibeki, wale wanaopewa mpira wakimbie nao, ya pili ni idadi ya taiti endi. Wakisema 11, yuko ranibeki mmoja na taiti endi mmoja. Wakisema 12, taiti endi ni wawili, na hapo kaa vizuri. Timu ya chuo cha Georgia ya msimu wa 2022 ilikuwa na Brock Bowers, anayekimbia kama risiva, na Darnell Washington, mtu wa futi 6 na inchi 7. Wewe ni kocha wa ulinzi, utafanyaje? Ukiingiza walinzi wazito, Bowers anawaacha. Ukiingiza wepesi, Washington anawafagia na ranibeki anapita kama yuko barabarani. Timu ile ilimaliza msimu 15–0, yaani ushindi 15 bila kufungwa, na Bowers akawa wa kwanza kutwaa mara mbili tuzo ya John Mackey, ile ya taiti endi bora wa vyuo, 2022 na 2023.

Hatua ya tatu ni fupi. Mwangalie risiva aliyesimama nje yake. Karudi nyuma kama yadi moja? Hiyo ni makusudi. Akisogea hadi kwenye mstari, taiti endi anakuwa amefunikwa, na kisheria haruhusiwi tena kupokea pasi. Ukiona kafunikwa, jua kazi iliyobaki ni kusukuma. Walinzi nao wanajua.

Hatua ya nne, na hapa tutakaa. Vijana wa timu ya jirani walikubali kunichezea mara mbili, nikawarekodi kwa simu, kwa hiyo vumilieni picha kutikisika.

Mchezo wa kwanza, pole pole. Mpira unatoka. Safu nzima inaelekea kulia. Taiti endi, aliyekuwa kulia nyuma kidogo ya mstari, anakwenda kushoto, kinyume cha wenzake wote, akipita nyuma ya migongo yao. Simamisha. Tazama mguu: hatua ya kwanza haizidi inchi 6, goti limekunjwa, mabega yameshuka. Sasa mtazame mlinzi wa mwisho kushoto. Hakuna aliyemgusa. Anadhani wamemsahau, anajiona leo ana bahati, anaingia ndani kwa kasi. Puu! Taiti endi kamkuta ubavuni, viganja viwili ndani ya kifua, vidole gumba juu. Ranibeki anakata nyuma yao, anapata yadi 6. Kwenye takwimu yataandikwa ya ranibeki.

Mchezo wa pili. Safu kulia, taiti endi kushoto, hatua ile ile fupi, mabega yale yale. Mlinzi wetu safari hii kajifunza. Kajikaza, anasubiri kugongwa. Hagongwi. Taiti endi anamkwepa kwa nje, anampita kama hamjui, na kuelekea pembeni. Ranibeki aliyekimbia kulia hana kitu mikononi. Lainibeka, walinzi wale wa mstari wa pili, wamemfuata wote, wameingia mkenge. Kwotabeki, yule mrusha pasi, anageuka na mpira wake, na huyo taiti endi yuko peke yake, uwanja mzima mbele.

Zile yadi 6 za mwanzo zilikuwa chambo.

Utauliza, kwani lainibeka hawezi kuwasoma wale watano wa mbele? Vyuoni inamwia vigumu zaidi. Sheria ya vyuo inamruhusu mtu wa safu kusogea hadi yadi 3 mbele wakati pasi inatoka. NFL ni yadi 1. Yadi hizo mbili za ziada ni nyingi sana. Safu inaweza kuja kama inasukuma kwa ajili ya mbio, kumbe pasi inakuja juu ya vichwa vyao.

Wa kumtafuta baada ya video hii ni Tyler Warren alipokuwa chuo cha Penn State, namba 44, kwenye mechi na chuo cha USC ya tarehe 12 Oktoba 2024. Anasimama pale pa kutoa mpira! Wenzake wote wa mstarini wamepangwa upande mmoja, kwa hiyo kisheria yeye ndiye wa mwisho, ana haki ya kupokea. Anautoa mpira, anakimbia, anaupokea tena, tachidauni, yaani kaufikisha hadi eneo la kufungia, ya yadi 32. Siku hiyo alidaka pasi 17, yadi 224, na Penn State wakashinda 33–30 katika muda wa nyongeza.

Sasa zamu yako. Nimewarekodi vijana mchezo wa tatu na nimeficha mpira kwa duara jeusi. Safu inaelekea kulia. Taiti endi anakwenda kushoto, hatua fupi, mabega chini, mlinzi wa pembeni anamsubiri. Simamisha. Anagonga au anapita? Ukishaamua, bonyeza.