Kiondoeni Hicho Kimstari cha Njaa

Ahsanteni kwa kunikaribisha, na poleni kwa wale ambao mshanisikia nikilalamikia jambo hili hili. Leo nalisema tena kwa sababu hamkunisikiliza.

Gemu mnazotengeneza nimezicheza. Zile za porini, za kufyeka msitu, kujenga kibanda, kupanda mahindi na kukwepa simba. Nzuri, michoro imeiva, mvua inanyesha kama mvua. Lakini kila moja ina kimstari cha kuonyesha njaa pembeni ya skrini, kinashuka taratibu. Kikifika nusu, mchezaji anakula embe, kinapanda. Kikishuka tena, anakula embe jingine. Hiyo si njaa, vijana. Hiyo ni chaji ya simu.

Ubaya wa kimstari ni kwamba mchezaji akishakijua, anakichezea yeye. Waulizeni Wakanada wa Hinterland, wenye The Long Dark. Gemu yao iliingia sokoni mwaka 2014 ikiwa bado haijakamilika, na ni kazi ya watu wenye akili: theluji, mbwamwitu, upepo unaokumaliza joto hatua kwa hatua. Wachezaji wajanja wakapiga hesabu. Waliona njaa inaila afya polepole, na usingizi unairudisha. Basi wakawa wanashinda na njaa mchana kutwa kwa makusudi, wanakula kidogo kabla ya kulala, wanaamka wazima. Mtu anayekufa njaa kwa ratiba! Ikabidi watengenezaji waweke zawadi: ukikaa saa 72 bila kimstari kuisha kabisa, unabeba kilo 5 zaidi. Dawa nzuri, lakini ni dawa ya ugonjwa walioupanda wenyewe.

Wenzao wenye gemu ya Valheim, mwaka 2021, wakaamua kukata shina: humo hufi kwa njaa, ila usipokula unabaki dhaifu na pumzi fupi. Naheshimu. Afadhali useme njaa haimo kuliko kuweka njaa ya uongo.

Ninayemvulia kofia ni Mfini, Sami Maaranen. Gemu yake, UnReal World, imekuwepo tangu 1992 na bado anaitengeneza. Michoro yake mtaicheka, chekeni. Lakini humo nyama ya kuanika haikauki siku yoyote upendayo. Inataka majira ya baridi. Ukiangusha mnyama mkubwa kiangazi na hujajiandaa kwa chumvi wala moshi, nyama inakuozea mkononi. Yaani ameielewa njaa. Njaa ya mtu wa shamba huanza miezi kadhaa kabla tumbo halijanguruma. Tabora mvua inaanza Novemba, mahindi yanavunwa kuanzia Mei. Mwenye ghala tupu mwezi Januari alishashindwa mchezo zamani, na siku aliyoshindwa alikuwa ameshiba.

Sasa mfano wangu. Najua mnaujua, vumilieni.

Muhogo mchungu. Kwa mtengeneza gemu, sijaona zao lenye utajiri kama huu. Unastahimili ukame, unakaa ardhini ukikungoja, nguruwe pori hawaukimbilii kama ule mtamu. Ila una sumu ya sianidi. Unaumenya, unauloweka siku tatu au nne mpaka ulainike, unauanika, unautwanga, ndipo unapata unga wa kusonga. Mama hahitaji kimstari kujua umeiva. Anaingiza mkono ndani ya pipa, anabonyeza mzizi kwa dole gumba. Kidole kikizama, tayari. Kikigoma, anafunika.

Haya, ghala limekwisha, watoto wamelala bila kula, na muhogo uko siku ya kwanza majini. Unafanyaje?

Hapo ndipo gemu inapoanza. Mchezaji atakayeutoa mapema hatakufa. Atakula, atashiba, kesho atakula tena. Baada ya majuma kadhaa ya kula hivyo, asubuhi moja anaamka miguu imekakamaa, na haitarudi kama zamani. Ugonjwa huo upo, unaitwa konzo. Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwapata zaidi ya watu 1,000. Hapa kwetu Tanzania ulionekana Tarime miaka ya 1980. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Miguu ndiyo inayopooza.

Na msidhani ni njaa peke yake. Bandundu, Kongo, barabara nzuri ilipofika na muhogo ukapata soko Kinshasa, watu walipunguza siku za kuloweka ili wauze haraka. Biashara! Nani kati yenu ameweka barabara kwenye gemu yake kama hatari? Nyote mmeiweka kama zawadi ya kupanda levo.

Kuna zaidi. Mwili unahitaji protini ili uiondoe hiyo sumu. Kaya mbili, muhogo ule ule, haraka ile ile. Moja ina dagaa na maharage, nyingine inalia ugali kwa majani matupu. Ya pili ndiyo itakayoumia. Kwa hiyo mchezaji aliyedharau kuvua samaki mwezi Agosti, akaona ni kazi ya kujifurahisha, atakuja kulijua kosa lake Februari. Hakuna kimstari kitakachomwonya. Atapaswa kukumbuka.

Najua huyo kijana wa safu ya tatu anataka kusema nini. "Mwalimu, watu wanacheza wafurahi." Mwaka 1971 walimu wanafunzi watatu wa Minnesota walitengeneza The Oregon Trail, gemu ya safari ya walowezi kwenda magharibi mwa Marekani. Hapakuwa na skrini hata. Ilikuwa mashine ya kuchapa kwenye karatasi. Watoto walikuwa wanafia njiani kwa maradhi, na bado wakagombania zamu. Usinambie mchezaji anaogopa kufa. Anachochoka nacho ni kufa kusiko na sababu.

Mwingine atasema nafanyia mzaha ulemavu wa watu. Ndugu yangu, kwenye gemu yako mtu anakatwa kichwa na simba, unabonyeza kitufe anafufuka na shoka lake mkononi. Mimi nimeomba tu mguu usiponywe na embe.

Nimekula muda. Ghala, basi, kwa haraka. Msiniandikie "mahindi 140" juu ya skrini. Kuna mdudu anaitwa dumuzi, aliingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 akitokea Amerika ya Kati, na wakulima wakampa jina la Scania kwa nguvu zake. Anatafuna mahindi yaliyoachwa kwenye magunzi, na makopa ya muhogo hamwachii mtu. Onyesheni ungaunga chini ya kihenge. Mchezaji akiuona akanyamaza, shauri yake.

Wanyama: simba wapunguzeni. Wanaomaliza shamba ni nguruwe, nyani, kwelea kwelea, na tembo mkiwa karibu na hifadhi. Jengeni dungu, mchezaji akeshe, na kesho yake awe mzito kwenye jembe. Kwa tembo kuna uzio wa mizinga ya nyuki, ulianzia Kenya, unafanya kazi, tena unatoa asali.

Jirani. Hili lilistahili saa nzima peke yake na sitalimaliza. Mhusika wenu yuko peke yake, hana mjomba, hana hata mtu wa kumwazima panga. Nani amewahi kufungua shamba jipya hivyo? Palizi ikikubana unaita watu, unapika, wanakulimia, na siku yao unakwenda. Usipokwenda, mwakani unapalilia mwenyewe. Hilo deni liwekeni ndani.

Sauti na muziki nilikuwa na kurasa mbili, naziacha. Toleo lenu lijalo nitalicheza, na kimstari kikiwepo nalizima hapo hapo. Maswali.