Usaha Hauishi kwa Dripu

Siku ya tano baada ya upasuaji wa utumbo, mimi daktari wa upasuaji hutazama mfuko wa dreni, ule mpira unaotoa maji tumboni, kabla hata sijamsalimia mgonjwa. Si adabu, nakubali. Lakini jana maji yalikuwa mepesi, mekundu kwa mbali. Leo ni ya kahawia, mazito, yananuka. Mgonjwa anasema hajambo, ila moyo unakwenda mbio na tumbo limejaa. Hapo najua tulipounganisha utumbo pamevuja.

Gramu moja ya kinyesi cha utumbo mpana hubeba bakteria wapatao bilioni 100. Wakiwa ndani hawana neno. Wakitokea upande wa pili wa ukuta, ni vita.

Antibiotiki zikishindwa vita hiyo, watu husema mwili wa mgonjwa "umezoea dawa". La, walio sugu ni bakteria wenyewe. E. koli au klebsiela, bakteria wa utumboni, wanaweza kutengeneza kimeng'enya kinachokatakata antibiotiki za jamii ya penisilini na sefalosporini kabla hazijamdhuru. Maelekezo ya kukitengeneza yamo kwenye plasmidi, kiduara kidogo cha vinasaba ambacho bakteria humgawia jirani, hata asiye wa ukoo wake. Kwa hiyo mgonjwa aliyelazwa wiki mbili akipewa antibiotiki hii na ile huingia chumba cha upasuaji wanyonge wakiwa wameshakufa tumboni mwake, wababe wamebaki na uwanja.

Utafiti wa kimataifa uitwao GlobalSurg uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia wagonjwa 12,539 wa upasuaji wa njia ya chakula katika nchi 66. Kati ya wale ambao vidonda vyao viliota bakteria maabara, takriban mmoja kwa kila watano alikuwa na bakteria sugu kwa antibiotiki ileile aliyopewa kama kinga ya upasuaji. Katika nchi zenye maendeleo duni ilizidi theluthi.

Nami nimekosea. Kuna mgonjwa niliyembadilishia dawa mara tatu, kila mara kali zaidi, homa haisikii. Nilisahau jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa tatu analijua: ndani ya jipu hakuna mishipa ya damu, dawa itapitia wapi? Tulipoingiza mpira kwa kuongozwa na altrasaundi, usaha ukatoka, na usiku uleule homa ikashuka. Maabara wakanionyesha sahani walimootesha bakteria wa usaha ule, juu yake vikaratasi vilivyolowekwa antibiotiki: kuzunguka kikaratasi cha meropenemu palikuwa na duara tupu, kwenye seftriaksoni, ambayo ni sefalosporini, bakteria walikuwa wameota hadi ukingoni mwa kikaratasi. Dawa yangu ya kwanza hiyo.

Usaha ukishatolewa vizuri, siku nne za dawa zinatosha kwa wengi. Jaribio la mwaka 2015 lilizilinganisha na takriban nane, matokeo yakawa sawa. Na dozi ya kinga iingie kabla ya kisu. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri isiendelezwe baada ya upasuaji, lakini bado nakuta kadi zimeandikwa siku saba, "kwa usalama". Usalama wa nani?

Kabla sijapokea maswali: glavu. Mwaka 2022, jaribio katika nchi saba lilionyesha kwamba timu ikibadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga tumbo, maambukizi ya kidonda hushuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Hakuna bakteria aliye sugu kwa glavu mpya. Ndiyo, dada pale nyuma.